Gunia la Udongo Nyuma ya Jiko la Dada Akai

Jumamosi, Lodwar. Alasiri ya upepo.

Upepo umeamka na watu leo na mpaka saa hii haujakaa chini. Wala mimi. Nimefagia kibaraza, upepo ukakirudishia mchanga wake, nikafagia tena. Mama Ekai, mke wangu, amenichungulia dirishani akauliza kama upepo ndio umeniajiri au mimi ndiye nimeuajiri.

Nikaendelea kufagia. Nikikaa bila kazi macho yangu yanakwenda kwenye ndoo.

Iko pale kando ya tangi, na gunia liko nyuma yake. Ndoo nimeifunika kwa karai, juu ya karai nimeweka jiwe, na juu ya jiwe nimeweka kiatu. Kiatu ni cha nini sijui. Nadhani mikono ilikuwa bado inatafuta cha kufanya. Ndani ya ndoo kuna udongo mwekundu uliokandwa kwa mafuta ya kondoo, laini, unang'aa, mzuri kabisa kwa macho.

Kesho asubuhi udongo ule ulikuwa upakwe mwilini mwa mtoto mchanga na mama yake. Ni sumu, na niliutengeneza mimi.

Basi nianzie mbali kidogo, maana nikianzia hapo nitaonekana mchawi.

Mimi natunza maabara ya shule moja ya sekondari hapa mjini. Watu huniita Mwalimu, nami niliacha kuwasahihisha zamani, kwa kuwa ni jina tamu. Dada yangu mkubwa, Akai, ameolewa Kakuma. Boma lake na maboma ya jirani huchota maji kwenye kisima kirefu cha pampu. Maji yenyewe ni maangavu, hayana harufu, hayana ladha, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Tulipoyapeleka kupimwa, yalikutwa na sumu mbili, aseniki na risasi, metali ile ya betri za gari, kupita kiasi kinachofaa mtu kunywa. Hayaui leo. Yanakula mtu polepole, miaka na miaka, na watoto ndio huumia zaidi.

Huku kwetu, ukitoka Lodwar kuelekea milimani, kuna machimbo ya dhahabu ya wachimbaji wadogo wadogo. Wanachimba shimo, wanachukua kinachong'aa, na kilichobaki wanakitupa kando. Malundo ya udongo mwekundu kama kutu, hakuna anayeyataka. Uwekundu ule ni chuma. Udongo wenye chuma cha namna hiyo ukikutana na aseniki au risasi ndani ya maji, unaishika kama shangazi anavyoshika mkono wako harusini: hakuachi mpaka akwambie yote. Nilikuwa nimeyasoma hayo kwenye kitabu ambacho kurasa zake za mwisho zililiwa na mchwa. Labda zilizoliwa ndizo zilizonihusu.

Mwenzangu katika kazi hii ya maji ni Papa Shukuru, Mkongomani anayeishi kambini Kakuma, fundi wa kuchomelea vyuma. Kwao alichimba dhahabu kabla vita havijamleta huku. Alipoona nabeba udongo kutoka machimboni, tena naacha mahali wanapotumia zebaki na kuchagua malundo safi, alicheka hadi akaketi. Alisema kwao watu walikufa wakigombania dhahabu, na sasa amekutana na mtu mzima anayeiacha dhahabu na kwenda na takataka. Baadaye alitengeneza pipa la kuchujia maji, tukaliweka penye kisima. Chini kokoto, kisha mchanga, kisha udongo wangu mwekundu, kisha kitambaa, na bomba upande.

Udongo mbichi ulikuwa unaziba maji. Kwa hiyo niliupepeta, nikauosha, nikauacha ukatulia, nikamwaga maji ya juu, nikaupepeta tena kwa kitambaa cha leso ya Mama Ekai ambayo bado anaitafuta. Ukatoka laini kama unga wa mtoto. Nilijipongeza sana.

Maji yakapimwa tena. Safi. Siku hiyo nilitembea Kakuma kama mtu aliyegombea udiwani akapita.

Lakini udongo nao ni kama mgeni mezani, mwisho hushiba. Ukishashika sumu ya kutosha hauna nafasi tena, unatolewa unawekwa mwingine. Mwezi uliopita tulimwaga pipa, tukaweka udongo mpya, na ule uliokwisha kushiba tukautia guniani. Papa Shukuru aliuliza tunaupeleka wapi. Nilikuwa na haraka ya gari la kurudi Lodwar. Nikasema tuliweke nyuma ya jiko la Dada, nitakuja kulichukua.

Dada aliniuliza ni nini. Nikamwambia takataka.

Sikusema sumu. Sikutaka kumtisha, na nikisema ukweli wote, sikutaka maswali. Nilikuwa nimepewa sifa siku nyingi mfululizo na nilikuwa nimeanza kuzizoea.

Jana nilikwenda Kakuma kuchukua maji ya kupima, kama kawaida. Nilipopita nyuma ya jiko nikaona gunia limepungua na limefungwa fundo ambalo si langu. Nikamwuliza Dada. Akatabasamu, tabasamu lile la mtu aliyekufanyia jambo jema bila kukuambia. Akasema amewapelekea wakwe wa Nakiru.

Nakiru ni binti yake, ameolewa boma la jirani. Ameharibikiwa na mimba mara mbili, na mara ya tatu amejifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya kuuza mbuzi mnadani. Kwetu Waturkana, udongo wa kujipaka, emunyen, si uchafu. Mgonjwa hupakwa, bibi arusi hupakwa, aliyetoka mahali pagumu hupakwa, na mkono unaopaka hutoa baraka. Na katika familia alikoolewa Nakiru, mama na mtoto wakipakwa, udongo unatoka upande wa mama. Sisi. Mama mkwe alikuwa ameomba mwekundu. Mahali unapochimbwa ni mbali na Dada magoti yanamsumbua. Akaangalia nyuma ya jiko lake, akakuta gunia zima: mwekundu, hauna jiwe, umepepetwa na kuoshwa na ndugu yake mwenye cheti.

Aliniambia wale wakwe walisema hawajawahi kuona mzuri kama huo.

Naamini kabisa. Nilikuwa nimetengeneza emunyen bora kuliko wote katika kaunti hii, kisha nikautia sumu, kisha nikauacha nyuma ya jiko la mwanamke wa Kiturkana. Mtu wa kutoka Nairobi angefanya hivyo ungemsamehe. Mimi nilipakwa udongo huo nikiwa mtoto. Nilipougua surua mama alinipaka mpaka nikafanana na chungu. Lakini nikivaa lile koti jeupe la maabara, udongo unakuwa kemia tu, na mama yangu anakuwa hajawahi kuishi.

Nilimweleza Dada. Nilieleza vibaya, kwa kuruka ruka, nikichanganya aseniki na magoti yake. Alipoelewa aliketi juu ya mtungi wa plastiki. Kilichomtisha hakikuwa sumu peke yake.

"Baba Ekai," akasema, "mjomba wa mtoto akienda kwa wakwe kusema udongo tulioleta ni sumu, hao watasikia nini?"

Nilijua watasikia nini. Mimba mbili zilizoharibika, midomo ya watu, na sasa upande wa mama umeleta sumu ya kumpaka wa tatu. Maneno kama hayo hayaoshwi. Nakiru angeishi nayo boma lile maisha yake yote. Na kunyamaza je? Mama hupakwa kifuani, na mtoto hunyonya. Mtoto wa siku chache, mwili mdogo kama mkate.

Tulikwenda. Dada mbele. Mimi nyuma. Papa Shukuru akatufuata, kwa sababu nilimpigia simu nikisema njoo tu, na yeye ni mtu wa kuja.

Mama mkwe wa Nakiru anaitwa Mama Lokai, kwa jina la mwanawe, mume wa Nakiru. Ni mwanamke mrefu, shanga zake zinafika kidevuni, na hana haraka. Tulimkuta ameketi na ndoo, anakanda udongo na mafuta kwa vidole. Alikuwa amejipaka mstari mmoja mkononi kuona rangi. Nakiru alikuwa kivulini, akimnyonyesha mtoto. Tukasalimiana, ejok, ejok, habari za mvua ambayo haipo, habari za mbuzi. Nikatamani tuendelee na mbuzi mpaka jioni.

Kwanza nilidanganya. Nilisema udongo ule ni mali ya mradi na mradi unautaka. Mama Lokai akauliza kwa upole kama hiyo mradi nayo imezaa. Wanawake waliokaa karibu wakacheka. Papa Shukuru akatazama viatu vyake.

Ndipo nikasema ukweli, na nilipouanza ukatoka wote. Nikasema maji ya pampu yana ubaya ndani. Yakipita kwenye udongo ule yanauacha ubaya humo, kwa hiyo maji yanatoka mazuri na udongo unabaki mbaya. Nikasema mama akipakwa kifuani mtoto atanyonya ubaya ule. Nikasema kosa si la Dada, hakujua, nilimwambia ni takataka. Nikasema kosa si la ukoo, ni langu.

Hakuna aliyecheka. Mama Lokai alitoa vidole vyake ndoo­ni, akavitazama.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukaweka kwa jiko ya dada yako."

Halikuwa swali. Neno hilo limenikaa kifuani tangu jana kama mfupa wa samaki.

Nakiru alikuwa amemhamisha mtoto bega la pili, mbali nasi. Akaniuliza, "Mjomba, na ile maji tumekunywa?" Nikamwambia maji ni mazuri, yamepimwa, ubaya umebaki kwenye udongo. Aliitikia kwa kichwa kama unavyomwitikia mtu anayekuuzia simu barabarani.

Kisha Mama Lokai akainua ndoo, akanikabidhi. "Haya," akasema. "Mwaga."

Nikaipokea na kusimama.

Pale mbele palikuwa na laga, mto mkavu, lakini watu huchimba visima ndani ya mchanga wake na wengine ndio huko wanakochota. Nyuma kulikuwa na ua wa miiba ya mathenge, na mbuzi wanalamba chochote kilicho na chumvi au mafuta. Upande ule wa choo, shimo ni fupi na mvua ikija hufurika. Nilizunguka na ndoo yangu kama mhudumu wa hoteli aliyesahau meza iliyoagiza chai. Mbuzi mmoja alinifuata kwa matumaini.

Papa Shukuru akanisogelea. "Mwalimu," akasema taratibu, "hapa hakuna fasi ya kumwaga."

Nilirudi na ndoo ikiwa imejaa vile vile. Mama Lokai hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lilinivunja. Mtu akikasirika unajua pa kujificha.

"Mimi nangoja," akasema. "Hatutampaka mtoto kesho kutwa. Wewe ulete udongo mzuri na mkono yako, na uniambie hii umepeleka wapi. Kama hujui umepeleka wapi, usikuje."

Akaomba maji ya kunawa mkono. Msichana mmoja akamletea ya kwenye pipa letu. Akayakataa, akaagiza ya laga.

Kila mtu aliona.

Nimerudi Lodwar na ndoo miguuni na gunia kwenye buti la gari, nikimwambia kila aliyeuliza kwamba ni udongo wa shamba. Shamba langu mimi, Turkana. Walinionea huruma wakabadilisha mazungumzo.

Leo asubuhi Dada amepiga simu. Mambo mawili. La kwanza, Mama Lokai amewaambia wanawake wake kwamba mjomba wa mtoto alikuja mwenyewe kusema, na mtu anayetaka kumwua mtoto haji kusema. Kwa hiyo Nakiru yuko salama, na jina letu limeponea chupuchupu. Niliketi nikashukuru.

La pili, hakuna anayegusa bomba la pipa tangu jana. Wengine wamerudi laga. Wengi wanachota kwenye pampu moja kwa moja, maji yale yale mabaya, kwa sababu pampu haijawahi kuja bomani kwao kukiri kitu.

Nimewafundisha watu kuogopa maji mazuri. Ndiyo kazi yangu ya miaka miwili.

Sasa nina swali la Mama Lokai na mchana mzima wa kulizunguka. Nilimpigia bwana mmoja wa maabara ya maji, yule anayetupimia. Nilimwuliza kama niuchome, tuufanye matofali. Akasema moto haufai, moshi unaweza kutoka na aseniki, nitakuwa nimeitoa kwenye udongo na kuitia puani. Akasema nikaushe, nichanganye na saruji nyingi, nifanye zege, nilipige lipu, likae mahali pakavu pasipofika maji. Sumu itafungwa humo ndani. Nikafurahi. Hakuna mwanamke wa Kiturkana atakayejipaka zege.

Lakini zege litakaa wapi?

Nilikuwa na jibu. Nilimpelekea Mama Ekai nikiwa najivuna kidogo, baada ya siku mbili za kutojivuna. Nikamwambia nitakodi pikapu hadi upande wa Lokori, kule ndani kabisa, mahali pakavu, nilizike pale. Kule hakuna mtu.

Alikuwa anachambua ndengu. Hakuinua kichwa.

"Hakuna mtu," akasema, "au hakuna mtu unayemjua?"

Mke wangu alizaliwa Lokori. Nimekula ng'ombe wa Lokori, nimeimbiwa na wasichana wa Lokori, nimelalia ngozi kwenye boma la baba yake nikiomba nipewe binti. Na leo, bila kupepesa jicho, nimewaambia ndugu zake hawapo.

Nilisimama pale mlangoni. Ndipo nikaona njia yote niliyopita. Wachimbaji wanatupa udongo kando ya shimo, kwa kuwa pale hakuna mtu. Mimi nimeuchukua nikautupa kwa Dada, kwa kuwa yeye haulizi sana. Sasa nilikuwa naupeleka kwa shemeji. Udongo umesafiri Turkana nzima ukitafuta mtu ambaye hatamwuliza mtu kitu, na kila mara aliyeushika mkono ni mimi. Nyumbani kwangu, hapa mtaa wa Kanamkemer, nyumba ya mawe, mahali pakavu, paa lisilovuja, haijawahi hata kupita kichwani mwangu kwamba udongo unaweza kukaa hapo.

Kwa nini?

Nilimwuliza Mama Ekai itakuwaje tukiuweka hapa. Nilitegemea akatae, na nikiri, sehemu yangu moja ilikuwa inamngoja akatae. Alichambua ndengu mbili tatu. Aliuliza kama zege likishapigwa lipu mtoto wetu Ekai anaweza kulichezea. Nikasema anaweza hata kulalia. Aliuliza kama nina hakika au ni hakika ile ya gunia. Nikampigia tena bwana wa maabara, nikaweka simu kwa sauti, akajibu mwenyewe. Lisipasuke, lisiloe maji, na tuwe tunaliangalia.

Akaweka ungo wa ndengu chini, akatoka, akapima kwa macho. Mlango wetu wa mbele hauna ngazi. Tangu tuhamie tunapanda kwa jiwe linalotingishika, na kila mgeni mzito nimemwombea. Akasimama juu ya jiwe lile akasema ngazi ikae hapa, chini ya paa, mahali kila anayeingia atakanyaga na kuuliza.

"Na wakiuliza?" nikasema.

"Utawaambia. Si wewe ni Mwalimu?"

Basi ndivyo ilivyo. Nimekwisha kwenda kwa Msomali wa vifaa vya ujenzi kuchukua saruji. Kesho nitavaa glavu za maabara, nichanganye, nimwage, nipige lipu. Jumatatu nitaomba ruhusa shuleni, niende nikachimbe emunyen mahali unapochimbwa, kwa mikono yangu, magoti yangu nayo yaonje. Kisha nitasimama mbele ya Mama Lokai nimwambie: uko mlangoni kwangu, njoo Lodwar uone, ukanyage. Halafu nitakunywa maji ya pipa mbele yao, kikombe baada ya kikombe, mpaka mtu mmoja aone haya aninyang'anye kikombe.

Nilifikiri nikifika hapa nitatulia.

Mama Ekai amerudi kwenye ndengu zake. Upepo nao umepungua kidogo. Ameniita jina langu la utotoni, jambo ambalo hulifanya akiwa ananipenda au ananionea huruma, na akauliza kwa sauti ile ile ya kuulizia chumvi: lile pipa la Kakuma bado linashika sumu, na litashiba tena, sivyo?

Nikasema litashiba.

"Na nyumba yetu ina mlango mmoja," akasema.

 Nimechukua kamba, natoka kupima ua, nione zege lijalo litakaa wapi.